Chumba Namba Saba

Mizani ya ushirika wa asali, kule Sikonge,
ilikuwa inakufa kila siku ya tisa.
Haifi kwa kelele. Inaganda tu,
kioo kinabaki na namba moja
kama jicho la mbuzi aliyechinjwa,
mlinzi anachomoa waya, anachomeka,
foleni inasogea.

Nilisema: umeme huo.
Mpaka kilo arobaini na mbili za Nyamizi Kasanda
zilipojiandika kwenye jina la Mayunga,
mtu aliyeleta ndoo moja, tena nusu yake masega.
Nyamizi akaitwa mwongo mbele ya watu.
Hapo haukuwa umeme tena.

Nikashuka kwenye kiini.
Sisemi programu, ile nguo ya juu yenye rangi na vitufe;
nasema kile kilicho chini ya vyote,
kinachogawa kumbukumbu ukurasa kwa ukurasa:
wewe chukua huu, wewe ngoja, wewe umemaliza, rudisha.
Maelfu ya mistari ya watu nisiowajua,
na wengine wao, nadhani, waliandika wakisinzia.

Usiku wa tatu nilikuwa zamu
kwenye gesti ya shangazi, nyuma ya stesheni ya Tabora.
Mezani: daftari la wageni, chupa ya chai, kompyuta yangu.
Ukutani: ubao wa misumari kumi na miwili ya funguo.
Treni ya Mpanda ilikuwa haijulikani iko wapi.

Saa saba, ukelele chumba namba saba.
Mihayo, mnunuzi wa nta, aliyelipa na kuaga asubuhi,
kachoka kuingoja treni, karudi,
ufunguo bado umo mfukoni,
kafungua kama alivyozoea,
kavua viatu gizani, kakaa kitandani
juu ya miguu ya mwalimu wa Urambo
aliyepangishwa tangu saa kumi jioni.

Nilimwomba mwalimu radhi. Nikampa Mihayo benchi na blanketi.
Kisha nikasimama mbele ya ule ubao
nikacheka peke yangu hata mlinzi akachungulia.

Karudisha chumba, hakurudisha ufunguo.

Basi ndiyo hiyo.
Ukurasa wa Nyamizi ulikwisha kuachwa, ukapewa Mayunga,
na kazi moja ya zamani, iliyolala ikingoja mizani itulie,
ikaamka na anwani ileile mkononi,
ikaingia gizani, ikaandika.
Haikuiba.
Iliamini bado ni kwake.

Nikatafuta mahali pa kuachia.
Nikakuta hesabu ya wanaoushika ukurasa
inapunguzwa mapema, mstari mmoja juu ya panapostahili:
kiini kinasema "pako wazi, karibu,"
ndipo kinauliza nani bado yumo.
Nikaushusha mstari.
Kama mtu asogezavyo kigoda mlangoni, asijikwae mwingine.
Halafu nikaitesa mashine: ndoo laki mbili za uongo,
mfululizo, hadi jogoo wa Kanyenye.
Haikuganda. Kilo za kila mtu zililala kwa mwenyewe.

Shangazi akatokea, mswaki mdomoni.
"Usiku kucha ulikuwa unafanya nini?"
"Nimeshusha mstari mmoja."
"Mmoja?"
"Mmoja."
Akanitazama kama mtu anayetazama deni.

Nikampigia Nyamizi. Sikujua pa kuanzia;
kiini hana habari nacho, wala kurasa zake.
Nikasema: mizani ndiyo iliyokosa, mama, si wewe.
Akanyamaza. Nilisikia kuku wake.
"Waambie wao," akasema,
"kwa sauti ileile waliyotumia."

Hiyo siwezi kuirekebisha nikiwa nimekaa.
Nimeomba nafasi Jumamosi, siku ya kupima,
watu wakiwa wengi.

Treni ikapiga honi. Mihayo akakimbia, viatu mkononi.
Vumbi lilipotulia nikahesabu ubao:
misumari kumi na miwili,
funguo kumi na moja.