Koti la Mwalimu

Mimi ndiye mfua jezi wa Keko Kombaini,
miaka ishirini na sita, sabuni ya mche na maji ya kisima yasiyotoa povu.
Makocha kumi na wanne wamepita mbele ya beseni langu.
Wengi walikuja na mabegi makubwa.
Kasiani Dihenga alikuja na koti.

Koti la sufu, Dar es Salaam, mwezi wa pili!
Vijana wa getini wakauliza, "Mwalimu, unahamia Makete?"
Hakucheka. "Jasho langu," alisema, "siwaonyeshi."

Redioni wakamuuliza habari za timu aliyoikuta.
"Timu? Nimekuta harusi.
Wote wamependeza, hakuna anayekimbia."
Kesho yake tairi za gari lake zilikuwa chini, zote nne.
Alikuja mazoezini kwa miguu kutoka Chang'ombe,
akamwambia mlinzi: "Wape salamu. Wamesahau miguu."

Kamati ya ufundi
(unaijua kamati ya ufundi,
ile isiyojua kuotea wala kona)
ilileta mayai saba na ndoo ya maji yenye majani.
Tusipite mlangoni, wakasema, turuke ukuta wa nyuma.
Mwalimu aliyapokea mayai kwa mikono miwili,
akaomba sufuria, akawakaangia watoto wa kikosi cha pili.
Tukapita mlangoni. Tukashinda mbili bila.
Tukapita mlangoni mara sita, tukashinda mara sita,
na Keko nzima ikaapa
kwamba tangu zamani ilijua mlango ni mlango.

Lakini alikuwa na ulimi, na ulimi hauna benchi.
Kipa wetu, Mtumweni, alimwita pazia
mbele ya baba yake mzazi.
Nilimwona Mtumweni akifunga kamba za viatu
kwa muda mrefu kuliko kamba zenyewe.

Halafu siku ya watani.
Chande Mbwezeleni, nahodha, mtoto wa mtaa,
ambaye kinyozi hamtozi na mama ntilie hamwandiki deni,
alichelewa dakika nne.
Mkewe alikuwa leba, Temeke.
Mwalimu akatazama saa.
Jezi namba kumi nilikuwa nayo mkononi, bado ina joto la pasi.
"Mpe Shabiru," aliniambia. "Mpira haujui habari za leba."
Shabiru ana miaka kumi na minane. Alinitazama mimi,
kana kwamba mimi ndiye mwenye kukataa.
Nikampa.

Tulifungwa tatu.
Uwanja wa Uhuru ulitumiminia chupa za maji;
nasema maji kwa heshima yako.
Waliimba Chande, Chande, mpaka taa zikazimwa, wakaendelea gizani.
Mwenyekiti Kimwaga akamfukuza kwa ujumbe wa simu
wenye makosa mawili ya herufi.
Mwalimu aliyasahihisha, akaurudisha.

Usiku ule alikuja stoo. Akavua koti.
Shati lilikuwa limelowa chapachapa, limegandana na mgongo,
na mgongo ulikuwa mwembamba, sikuutegemea.
Akakaa juu ya gunia la mipira.
"Kondo, amezaa nini?"
"Msichana. Kilo tatu."
Kimya. Panya walipita.
"Wangu alizaliwa nikiwa Tanga, ugenini,
dakika ya sabini na moja. Tulitoka sare."
Nikasubiri. Hakuongeza neno.

Koti aliliacha msumarini.
Mfukoni nilikuta filimbi, maganda ya karanga,
na risiti: doti moja ya khanga, sabuni ya mtoto.
Sijui kama ziliwahi kufika.
Chande hasemi, nami simuulizi.

Nililifua kama ninavyofua jezi, maji ya moto, kusugua.
Kosa langu. Sufu haitaki hivyo.
Lilinywea, sasa linamtosha mtoto wa darasa la nne.
Wakija wa magazeti kuniuliza alikuwa mtu gani,
nawaonyesha hilo, wanadhani nawatania.

Jumamosi tunacheza. Kamati imeshaleta mayai.
Kocha mpya ni mtu mpole, ataruka ukuta.
Mimi nitapita mlangoni.
Nina magunia mawili, na goti hili.