Saba, Sufuri, Ishirini, Kumi

Usiku wa tisa. Brno, barafu imeng'ang'ania nyaya za tramu,
na mimi bado natafuta pakiti moja.
Inatoka kwenye kipima theluji kule mlimani,
inabisha hodi kwenye kiini cha mfumo,
nacho kinajibu: hapa si kwenu.

Anwani ni kumi, ishirini, sufuri, saba.
Kiini kinasoma saba, sufuri, ishirini, kumi,
kama mtu aliyeshika bahasha juu chini
akamlaumu tarishi.

Nimeushuku waya. Nimeishuku kadi. Saa nane usiku
nimemshuku hata Bohdana wa usafi
aliyepitisha ufagio karibu na soketi.
Kisha mstari wa mia nne na kumi na mbili,
na juu yake maelezo, umri wake miaka kumi na tisa:
*Hapa hakuna haja ya kugeuza. H. K.*

Asubuhi nikampigia. Hynek Kratina, mstaafu,
anafuga nyuki Vyškov. Nyuki wamejikunyata, yeye pia.
Akanisikiliza hadi mwisho, akakohoa:
"Kwangu ilifanya kazi."

Neno hilo tunalicheka, sisi wa kazi hii,
ndilo blanketi la kila mzembe.
Ila Hynek hakudanganya. Mashine yake,
kabati la kijivu lenye kimo cha mlango,
iliweka baiti kubwa mbele,
vilevile zinavyosafiri njiani.
Hii yangu huanzia mkiani.
Baiti ni nne zilezile, hakuna iliyopotea,
hakuna iliyochafuka; zimekosa tu
mtu wa kuzipanga foleni.

Dawa yake: herufi tano na mabano mawili.
Geuza, ndipo ulinganishe.
Siku tisa, herufi tano. Nani atanilipa kwa herufi?

Nikajenga upya. Nikawasha upya. Chai ikapoa.
Saa nne na dakika sita ikaingia, bila tarumbeta:
theluji, sentimita arobaini na moja.

Yakabaki maelezo yake.
Niliyafuta, kwa kuwa sasa yalikuwa uongo,
na yalikuwa kweli siku yalipoandikwa.
Nikampigia tena, nikamwambia jina lake litakuwamo
kwenye taarifa ya marekebisho.

"Tia na mwaka," akasema,
"na aina ya mashine.
Wasije wakadhani nilikuwa mlevi."

Nikatia mwaka.
Aina ya mashine ilibidi anitajie herufi kwa herufi.