Upatanisho wa Kisarufi

Kilembe, saa tatu usiku, umeme umekatika,
na mimi nina taa ya sola na insha thelathini na nane
za mada niliyoichagua mwenyewe kwa uvivu:
Mandhari ya Kwetu.

Opiyo, mtoto wa askari wa kituo, ameandika:
Rwenzori umevaa kofia nyeupe.
U. Mlima, umoja. Nikapiga tiki.
Nzanzu ameandika:
Rwenzori imevaa kofia nyeupe.
(Wanakaa dawati moja; kofia ni ya mmoja wao.)
I. Milima, wingi. Nikapiga tiki,
kisha nikaitazama ile tiki
kama muuza duka aliyerudisha chenji mara mbili.

Nikampigia Ateenyi, anayefundisha Fort Portal.
"Vilele ni vingi," nikamwambia. "Wageni walivihesabu,
wakavigawia majina yao kama wanaogawana viwanja."
Akacheka. "Lakini jina ni moja.
Ukitaja Kampala, unaanza kuhesabu vilima?"
Kampala inajengwa. Kampala imefurika.
I, ile ya nyumba, ya nchi, ya njaa.

Hapo nikanyooka kitini.
Maana i ya nyumba ni ya umoja
na i ya milima ni ya wingi,
na sikio halina mizani ya kuzipima.
Rwenzori imesimama:
ni mmoja? ni mingi?
Kiswahili kinakutazama usoni, hakijibu,
kama karani wa wilaya saa saba mchana.
"Andika i," alisema Ateenyi, "ukalale,"
na salio likaisha.

Ningelala.
Lakini chini kabisa ya rundo
palikuwa na daftari la Kabugho,
lile lenye jalada lililovimba maji, likakauka, likabaki limevimba,
na sentensi yake ya kwanza:
Rwenzori walituletea mawe usiku.

Wa.
Ngeli ya watu, ya ng'ombe, ya siafu.
Kalamu nyekundu ilishuka yenyewe, kwa mazoea,
ikaizungushia duara.
Kisha nikasoma mbele.

Hawakubisha hodi. Walikuja na Nyamwamba
wakapitia jikoni kwa mama,
wakachukua sufuria, mbuzi, kitanda cha Muhindo
na Muhindo.
Asubuhi tuliwaona kule juu, weupe, wametulia,
kama watu ambao hawajawahi kufika kwetu.

Ni mimi niliyemfundisha:
mlima hauhemi, kwa hiyo haustahili wa.
Niliandika ubaoni, nikapiga mistari miwili chini yake.
Sikumwambia mtu aliyebaki na u peke yake
atamdai nani.

Nakumbuka wiki ile ya mafuriko
nilijaza daftari la mahudhurio kwa mwandiko mzuri:
Familia ya Kabugho imehamia kambini.
Imehamia.
Walikuwa saba, wakawa sita,
na kitenzi hakikutikisika hata silabi moja.

Saa nane. Umeme umerudi ghafla,
umenikuta na chaki kwenye suruali
nikijaribu kufuta duara kwa mate na kidole.
Halifutiki. Limekuwa wingu jekundu,
na wa imo ndani, inasomeka.
Pembeni niliandika "Ngeli?"
nikaikata.
Niliandika "Pole,"
nikaona hiyo nayo imechelewa miaka,
ila sikuikata.

Alama bado sijatoa.
Insha za Opiyo na Nzanzu nimezirudisha juu ya rundo,
saba na saba.

Asubuhi Kabugho atakaa palepale pake,
safu ya pili, ubavuni mwa dirisha lililovunjika kioo,
na nje ya dirisha, Rwenzori.
Nitaiacha hivyo sentensi hiyo.
Haina kitenzi. Najua.