Mita Mbili na Robo

Ramani ilisema: mita mbili na robo, ardhi kavu.
Aliyeichora, nadhani, alifika Sahare siku ya maji mafu,
akatoboa shimo moja, akapangusa viatu, akaondoka.

Tulianza na mchanga.
Mchanga wa hapa hauna adabu:
ukiuchota wa kushoto, wa kulia unaingia kuchungulia.
Tuliukingia mbao.
Asubuhi mtaro ulikuwa umejaa,
kama watu ambao hatujawahi kufika.

Kisha tumbawe.
Sururu ya Shekiondo ilirudi imepinda ncha.
Tukaleta kompresa, ikapiga kelele siku tatu,
watoto wa chekechea wakajifunza kuhesabu kwa kupaza sauti.
Siku ya nne jiwe likawa tundu,
pango la kutosha sufuria ya ubwabwa wa harusi,
na ndani yake maji yanapumua.

Yanapumua, nasema. Nilichomeka fimbo ya kupimia:
saa nne, sentimita kumi. Saa saba, arobaini.
Bahari iko mtaa wa tatu, haionekani,
ila mwezi ulikuwa mpevu,
na maji yana njia ambazo ramani haina.
Nikayaonja. Chumvi.
Saruji ya kawaida humo itamung'unywa kama kashata.

Injinia Semhando akapiga hesabu juu ya mfuko mtupu:
tupandishe bomba. Mita moja na nusu, basi.

Lakini uchafu hauna miguu, huenda kwa mteremko;
ukilipandisha huku, kuna mtu unamwacha kule.

Mtu huyo ni Bi Mwanamvua, nyumba ya bondeni.
Karo lake hufurika kila bamvua,
humrudishia alichokwisha kukiaga.
Ndiye aliyetia saini ya kwanza.
Nikatumwa mimi, mshika fimbo, nikamwambie
bomba litapita mlangoni kwake, juu ya choo chake.

"Juu kwa kiasi gani?"
Nikapima ukutani kwa kiganja: shibiri mbili.
Akakitazama kiganja, uso wangu akauacha.
"Shibiri mbili tu? Pitisheni.
Ila msinizibie kiungo."

Tangu jana anaokota tumbawe tulilolitupa,
lile lile lililotushinda,
karai kwa karai, analipanga chini ya mlango wa choo.
Ngazi ya kwanza imekwisha.

Daftarini nimeandika:
kiungo namba kumi na tisa, kiachwe wazi.
Safu ya sababu sikuijaza.