Swali la Tatu

Jumatano, jikoni, mjini Hull. Dirisha limeota ukungu,
wali umo motoni, na Shekue wa darasa la tano
anatafuna kifutio cha penseli.

Kifungu chenyewe kifupi: mzee yuko kituo cha basi,
theluji mpaka vifundoni.
Jirani amuuliza, "Husikii baridi?"
"Mimi? Hata kidogo,"
huku akipigapiga miguu chini
na kupulizia viganja.

Swali la tatu: Je, mzee alisikia baridi? Thibitisha.

"Hakusikia," asema. "Si kasema mwenyewe?"
Rudia, namwambia.
Kidole chake chatambaa chini ya mstari
kama sisimizi aliyebeba punje.
"Mama, hii karatasi inajipinga."
Rudia. Safari hii usimsikilize. Mtazame.

Kimya.
Kisha penseli yaenda mbio,
yatoboa karatasi penye nukta:
Miguu yake ilisema kweli.

Nainuka kuepua sufuria.
"Mama," asema nyuma yangu,
"ile barua ya mwenye nyumba, uliniambia si kitu."

Si kitu.

"Lakini umeisoma mara tatu.
Ukaificha chini ya kopo la sukari.
Na tangu juzi
unakunywa chai kavu, hutaki kuligusa."

Nimesimama, mwiko mkononi.
Ukoko umeshika, harufu imejaa nyumba.

Swali la nne, namwambia.
Haya, soma
swali la nne.