Kidole Kivivu

Kazi yangu ni kupekua mifuko.
Kabla suruali ya mgeni haijaingia majini
naigeuza, naikung'uta: kibiriti, karanga,
dola iliyokunjwa mara nne, na siku moja pasipoti
ya mzee aliyeshuka mlimani hana hata sauti.
Nilimkimbizia mpaka getini. Akalia.

Sasa mimi, Eliaichi, miaka kumi na sita
kwenye makaro ya hoteli kule Shanty Town,
nimefua kitambulisho changu mwenyewe?
Sidhani. Ningekiona. Kile hakifi kwa maji.
Kimeondoka tu, bila kuaga.

Polisi: "Kimepotelea wapi?"
Afande, ningejua wapi, ningekuwa hapa?
Akacheka, akaandika: *maeneo ya Moshi Mjini*,
na mji mzima ukawa mtuhumiwa,
kuanzia stendi hadi kanisani.

Mwenyekiti wa mtaa ananijua.
Alikula wali wa msiba wa mume wangu,
akanawa mikono kwenye beseni langu la bluu.
Hata hivyo akaniuliza, kalamu ikining'inia,
"Jina?"
Nikamtajia.
"Herufi kwa herufi, mama."
Muhuri wake ulikuwa umekauka. Akautemea pumzi,
haa, haa, kama anayepasha mikono moto Julai,
ukatoka nusu. Nusu akaimalizia kwa kalamu.

Kwa wakala Mbuyuni nikalipa elfu ishirini.
Sitaki kusema ilikuwa ya nini.

Kule Kibosho, kwa baba, shamba halina hati.
Kuna masale tu, mstari wa majani
kati yetu na akina Mushi,
na hakuna aliyewahi kuyaambia masale *jaribu tena*.

Mashine iliniambia. Mara saba.
Gumba, jaribu tena. Shahada, jaribu tena.
Kijana wa ofisini, Wambura, hakunikaripia.
"Unafanya kazi gani, mama?"
Nafua.
"Kwa sabuni gani?"
Ya unga. Mashuka kwa jiki.
Akatikisa kichwa kama daktari aliyeona picha ya kifua.
"Mistari imekwisha."

Imekwisha vipi? Imekwenda mahali.
Imeteremka na maji ya mtaro hadi mto Karanga
pamoja na tope la Mandara na jasho la wapagazi.
Mingine imepanda ndege kwenye makola ya mashati,
iko kabatini kwa watu nisioweza kutaja miji yao.
Ukinitafuta, kijana, nitafute huko.

Haya sikuyasema. Nilisema, "Sasa tufanyeje?"

"Pitisha kidole pembeni mwa pua," akasema,
"mafuta ya ngozi husaidia."
Foleni yote ikitazama nikajipapasa pua,
mwanamke mzima, nikiazima uso wangu
ili mikono iaminike.

Kidole cha pete, cha kushoto, ndicho kilichokubali.
Kivivu kuliko vyote: hakisugui, hakikamui,
husimama kando wenzake wakizama kwenye povu.
Kidole kimoja hakivunji chawa, sawa,
lakini taa ikawa kijani, na kwenye kioo
nikatokea mimi, wa miaka tisa nyuma,
nywele nyeusi, koti la kuazima kwa wifi,
nimekaza mdomo kama niliyeambiwa nisicheke.
Niliambiwa nisicheke.

"Kadi lini?"
"Utatumiwa meseji."
Wambura akanipa karatasi yenye namba,
tarakimu ishirini, nane za mwanzo siku niliyozaliwa,
ambayo mama mwenyewe alikuwa akiikisia.

Nje, mlima ulikuwa umejifunika shuka hadi kidevuni.
Nikaikunja karatasi, nikaitia mfukoni.
Nikasimama.
Nikaitoa,
nikaishika kiganjani njia nzima hadi Majengo.