Maji ni Sifuri

Anasonsia alikuja na bahasha mbili:
moja ya Arusha, ya mwezi wa kwanza,
moja ya kwetu hapa Moshi, ya juzi Jumanne.
Pafu ni lilelile, la kulia.
Kule waliandika: kivimbe, milimita nne.
Hapa tukaandika: saba.
Akauliza, huku akikunja pindo la kanga,
"Hizo tatu zilizozidi ni zangu
au ni za mashine?"

Nikasema nakuja. Nikatoka nje.

Umewahi kununua maharage Mbuyuni
ukayapima upya kwa kisado cha Kilombero?
Kopo lilelile la rangi, chapa ileile,
ila huku kitako kimegongwa kikaingia ndani,
kule wanajaza kilele mpaka yamwagike.
Hakuna atakayekubali kwamba ameiba.
Kila soko lina mkono wake.

Mashine ya Arusha hukata vipande vinene,
huilainisha picha kama apigaye pasi shati la harusi:
mikunjo midogo inapotea.
Yetu hukata vyembamba kama karatasi ya Biblia,
hunoa kila ukingo, na chengachenga zake
ni vumbi la Februari barabara ya TPC.
Zote mbili zinasema kweli.
Hapo ndipo tabu ilipo.

Nikampigia Loishiye. Alifika Jumamosi
amepakata silinda ya plastiki iliyojaa maji
kama mtu aliyetumwa na keki ya kipaimara;
hata Boma Ng'ombe waliposimama hakuiweka chini.
Maji ni sifuri. Ndiyo sheria, dunia nzima.
Tukayalaza kitandani, tukayafunika shuka bila sababu,
tukayapiga picha.
Mashine yangu ikasema: sita.
Loishiye akacheka mpaka akakohoa.
"Na yangu jana imesema hasi tatu.
Usimwambie mtu."

Tangu saa nane mpaka wa zamu ya usiku akaja na chupa yake ya chai
tulikuwa tunarekebisha.
Unene sawa. Chujio sawa.
Mionzi isizidi haja, mgonjwa si jiwe.
Sita ikawa nne, ikawa mbili,
ikarudi tatu kwa ukaidi tu,
na saa mbili kasorobo ikawa sifuri
na kadesimali ambako tulikasamehe.

Loishiye hafuti kitu; data mbichi za Januari alikuwa nazo.
Jumatatu tukazipika picha zote mbili kwa kipimo kimoja:
tano na nusu. Tano na robo tatu.

Daktari Mrutu akasema tungoje miezi mitatu.
Anasonsia hakushukuru wala hakulia.
Aliingiza bahasha moja ndani ya nyingine,
akaniuliza yale maji tumeyapeleka wapi.

Yamo kabatini, nikamwambia.
Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya mtu yeyote,
ndiyo yanayolala kwanza.

"Basi nikirudi," akasema,
"niandike wa pili."